Muuguzi Kufungua Duka: Je, Ni Kosa?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Makala haya nayaandika kwa sababu ninalo deni. Si deni la pesa, bali ni deni la maneno.

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Hoja ilikuwa hii: "Muuguzi anayeiacha wodi akaenda kufanya biashara ameisaliti jamii." Mimi nilipangwa upande wa kuiunga hoja mkono. Nikasimama, nikapaza sauti, nikapiga meza na kumimina methali zote nilizokuwa nazo. Nilisema mshika mbili moja humponyoka. Nilisema muuguzi ni kama nahodha, hawezi kukiacha chombo katikati ya mawimbi akaenda kuuza samaki sokoni. Makofi yalilia mpaka nikajiona mkubwa. Upande wetu ukashinda.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikulitaja katika hotuba yangu. Mama yangu mzazi ni muuguzi, na mwaka 2023 aliiacha wodi kwa mwaka mzima akafungua kijiduka hapa Faza.

Hapa kwetu habari haingoji mashua. Nilipofika nyumbani jioni ile, mama alikuwa ameshapata kila neno. Hakunigombeza. Aliendelea kupepeta mchele wake, kisha akasema, "Mwanangu, kusema wajua, mashallah. Lakini mbona hukuniuliza?" Nikakosa la kujibu. Kweli, sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nimemhukumu mtu anayenipikia chai kila asubuhi, na shahidi sikumwita.

Basi nilimwuliza usiku ule, na siku nyingine nyingi baadaye. Kwa ruhusa yake nayaandika aliyonieleza pamoja na niliyoyaona kwa macho yangu. Na mapema nataka kusema msimamo wangu wa sasa: muuguzi kupumzika kidogo na kufanya biashara si usaliti. Kosa linaweza kuwako, lakini liko katika namna anavyoondoka, katika anachokiuza, na katika sisi wateja wake. Hebu tutazame moja baada ya jingine.

Kwanza nikiri kwamba hoja niliyoitetea haikuwa ya kipuuzi. Faza si Mombasa. Sisi tuko katika kisiwa cha Pate, na mgonjwa akizidiwa akahitaji kupelekwa hospitali ya King Fahd kule Lamu, hakuna barabara ya gari. Ni mashua. Na mashua nayo ina masharti yake: wakati wa kusi bahari haina adabu. Mahali kama hapa muuguzi mmoja ni mtu mkubwa. Isitoshe, muuguzi aliyezaliwa hapa ana jambo ambalo cheti hakimpi mtu. Anakijua Kibajuni. Bibi wa Kizingitini au Mbwajumwali akieleza maradhi yake kwa lugha ya nyumbani, akasema "mchu" badala ya "mtu", hahitaji mkalimani. Anajua pia lipi la kuulizwa mbele ya mume na lipi la kuulizwa mlango ukiwa umefungwa. Mtu kama huyo akitoka kazini hata kwa mwezi mmoja, pengo lake huonekana. Hilo silikatai hata leo.

Sasa kwa nini aliondoka? Nilidhani ni tamaa ya pesa. Kumbe sivyo. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne, nusu yake zamu za usiku. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, sisi wengine tuliambiwa tukae nyumbani, na yeye akaambiwa aende. Alikuwa akirudi alfajiri anavua viatu nje, anaoga uani kabla ya kutugusa. Miaka miwili baadaye hofu ilikuwa imekwisha lakini uchovu ulibaki. Aliniambia neno ambalo limenikaa moyoni: "Siku moja mama mmoja alilia kwa uchungu, nami nikamsikia kama nisikiavyo redio ya jirani. Hapo nikajua sifai, nataka kupumzika kabla sijamdhuru mtu."

Msomaji, hebu fikiri. Je, muuguzi wa namna hiyo akiendelea kubaki wodini ndiye mwaminifu, na yule anayeomba ruhusa apumzike ndiye msaliti? La hasha! Nahodha aliyelala usingizi kwenye usukani ni hatari kuliko nahodha aliyempisha mwenzake.

Lakini kupumzika nako kuna gharama, maana likizo aliyoomba ilikuwa ya bila malipo. Watoto hula kila siku, mama akiwa na mshahara au asiwe nao. Na hapo ndipo biashara ilipoingia. Tena mama alikuwa na funzo la zamani. Wengi wenu mtakumbuka mgomo wa wauguzi wa Kenya nzima, ulioanza tarehe 5 Juni 2017 ukamalizika tarehe 2 Novemba. Karibu miezi mitano! Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwamba nyumbani kwetu kitoweo kilitoka kwa mjomba mvuvi, na mjomba akikosa samaki nasi tulikosa. Tangu siku hizo mama alisema nyumba inayotegemea nguzo moja ni kibanda cha kuazima. Wahenga nao walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Mtaji wake ulikuwa shilingi 70,000, nyingine akiba yake, nyingine zamu yake katika chama cha akina mama. Hapo watu wakaanza kumshauri. Kila aliyepita alisema, "Sista, fungua duka la dawa. Wewe ni mtu wa hospitali, watu watakuamini." Mama akakataa katakata. Alieleza kwamba kwa sheria ya Kenya duka la dawa halifunguliwi na kila avaaye sare nyeupe. Linahitaji mtaalamu wa dawa aliyesajiliwa na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Kujua kumpa mgonjwa dawa aliyoandikiwa na daktari ni elimu moja, na kuendesha famasia ni elimu nyingine. "Wakiniamini," alisema, "ndiyo sababu zaidi ya kutowauzia."

Akaamua kuuza vitu ambavyo kazi yake ilimfundisha kuwa vinahitajika: vyombo vya mzazi. Kwa miaka mingi alikuwa ameona wanawake wakija kujifungua mikono mitupu, kisha mume akatumwa mbio usiku kutafuta beseni na sabuni. Basi duka lake likawa na mabeseni, sabuni, pamba, nepi, kofia na nguo za kitoto, na kanga. Kila kifungu kilikuwa tayari, mtu akija hana haja ya kuzunguka mji mzima.

Wacha niwaambie hesabu ya kanga, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa daftari. Doti moja aliinunua Mombasa kwa shilingi 600. Ikapanda basi hadi Mokowe, ikateremka ikapanda mashua, ikafika Faza ikachukuliwa na hamali. Ikiwekwa juu ya meza ilikuwa imeshafika shilingi 650. Aliiuza 750. Faida shilingi 100. Sasa mtu mmoja akichukua doti kwa mkopo asilipe, zinapotea zile 650. Kuzirudisha, lazima uuze doti nyingine sita, na ya saba uiuze nusu! Nilipoipiga hesabu hiyo nilishika kichwa. Sisi wanunuzi tukichukua kitu kimoja "mpaka mwezi ukiandama", tunadhani tumekopa kanga moja. Kumbe tumekula faida ya kanga sita na nusu.

Na mikopo ilikuwapo, tena kwa wingi. Hapa ndipo nataka msomaji anisikilize vizuri, maana jambo hili sikulifikiria hata kidogo siku ya mdahalo. Mwenye duka wa kawaida akidaiwa haki yake hupaza sauti. Huenda mlangoni, hutuma mtoto, hata kutaja jina barazani. Muuguzi hawezi. Yule anayemdai ni mwanamke aliyemshika mkono akijifungua. Anajua siri yake ambayo hata dada yake haijui. Akimdai kwa ukali, mwanamke yule ataogopa: je, Sista akikasirika, hatasema? Mama asingesema abadani, siri ya mgonjwa ni amana na ni sheria ya kazi. Lakini hofu ya mtu huiwezi. Basi akawa yuwadai kwa kunong'ona, na anayedaiwa kwa kunong'ona hulipa polepole. Mwisho wa mwaka daftari lilikuwa na majina 23 na jumla ya shilingi 18,400. Nami niliyakuta humo majina ya nyumba za watu walionipigia makofi ukumbini. Sitayataja. Nao wanajijua.

"Ah, Sista, si wewe ni wetu?" ndiyo kauli waliyompa. Naam, ni wenu. Lakini mtu wenu ndiye wa kulipwa kwanza, si wa kulipwa mwisho.

Jambo jingine ni kwamba likizo ya muuguzi katika mji mdogo haijulikani mlangoni. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, tuligongewa. Alikuwa jirani, mkewe ameshikwa na uchungu kabla ya wakati wake. "Sista, njoo umtazame tu." Mama aliamka, akajifunga mtandio, akamtazama. Halafu akasema, "Hapa si pa kutazamwa. Twendeni hospitali sasa hivi." Jirani akataka amzalishe pale pale nyumbani. Mama akakataa. Akachukua tochi, akatembea nao, akamkabidhi kwa muuguzi wa zamu na kueleza aliyoyaona, kisha akakaa nje kwenye benchi mpaka jua likachomoza. Siku ile duka lilifunguliwa saa tano.

Nilimwuliza kwa nini hakumzalisha mwenyewe, ilhali amezalisha wengi. Akanijibu kwamba ujuzi hauendi likizo lakini vifaa viko hospitali, damu ikitoka nyingi mikono mitupu haiizuii. Kwa hivyo yule niliyemwita msaliti ukumbini ndiye aliyepoteza usingizi wake na mauzo ya asubuhi, bila mshahara, ili mtu afike panapostahili. Mtoto yupo, mzima wa afya, na kanga aliyofungiwa ilitoka dukani kwetu. Ile ililipwa, alhamdulillahi.

Katika kusoma kwangu baada ya mdahalo nilikutana na habari za Mary Seacole, mwanamke aliyezaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1805. Alijifunza uganga wa mitishamba na uuguzi kwa mama yake, aliyekuwa na nyumba ya wageni. Vita vya Krimea vilipopamba moto, alikwenda London akaomba apelekwe huko kuuguza askari. Akakataliwa. Hakukaa chini kulia. Alisafiri kwa gharama yake, na mwaka 1855 akafungua karibu na Balaclava duka na mkahawa aliouita British Hotel. Aliuza chakula na bidhaa kwa maofisa, na kwa upande wa pili akauguza askari, wakati mwingine hata kwenye uwanja wa vita. Biashara ndiyo iliyomlisha akaweza kuuguza. Lakini vita vilipokwisha mwaka 1856 askari wakaondoka, akabaki na shehena isiyo na mnunuzi, akafilisika. Ilibidi waliomjua wamchangie. Leo sanamu yake imesimama tangu mwaka 2016 mbele ya hospitali ya St Thomas' jijini London.

Napata mafunzo mawili kwake. La kwanza, hakuna anayesema leo kwamba Mary Seacole hakuwa muuguzi wa kweli kwa kuwa aliuza chai na nyama. La pili, biashara haina huruma kwa sababu ya wema wako. Mwema naye hufilisika, ikiwa soko limehama. Hata sisi hapa tunalo soko linalohama: kaskazi ikivuma wavuvi wana pesa na duka lina watu, kusi ikiingia samaki hupungua na mteja hupita akisalimu tu. Mshahara haujui kusi wala kaskazi. Mama alilijua hilo mwezi wa Juni, alipokaa siku tatu akauza sabuni mbili. Kwa hivyo wale wanaodhani biashara ni kutoka jehanamu kuingia peponi, na wasikie: kwa mwaka ule faida ya duka haikufika hata nusu ya mshahara aliouacha.

Wako watakaoniuliza, "Ikiwa hakupata pesa, alipata nini?" Alipata usingizi. Alipata kula chakula cha jioni nasi. Na mwezi wa Januari 2024 alirudi wodini kama alivyoandika katika barua yake. Siku ya kwanza alirudi nyumbani macho mekundu. Nilidhani amegombana na mtu. Akasema, "Leo mgonjwa amelia, nami nimemsikia."

Wengine watasema: mbona nchi ina uhaba wa wauguzi, huu si wakati wa mtu kupumzika. Hoja hii ina uzito, lakini haijakamilika. Shirika la Afya Duniani lenyewe limetangaza kwamba dunia inapungukiwa na mamilioni ya wauguzi. Hata hivyo hapa Kenya wako vijana waliomaliza mafunzo ya uuguzi nao wanatafuta kazi hawaipati. Kwa hiyo wodi ikipungukiwa, si kwa sababu mama mmoja amechukua likizo. Ni kwa sababu nafasi hazikujazwa. Mwajiri anayempa muuguzi ruhusa ya mwaka mmoja na aajiri kijana wa kushika nafasi yake kwa mwaka huo. Mchovu atapumzika, asiye na kazi atapata uzoefu, na mgonjwa hatakosa mtu. Tena afadhali aliyepumzika mwaka mmoja akarudi Faza, kuliko aliyechoka akapanda ndege kwenda Uingereza au nchi za Ghuba asirudi tena.

Kutokana na hayo yote nina mapendekezo manne, nayatoa kwa heshima kwa wakubwa na wadogo.

Kwanza, muuguzi anayetaka kupumzika aondoke kwa mlango, asiondoke kwa dirisha. Aandike barua, ataje siku ya kutoka na siku ya kurudi, na asitoke kabla ya kujibiwa. Aliye kwenye mkataba wa muda afikiri mara mbili, maana nafasi yake huenda isimngoje.

Pili, asiiache leseni ikafa. Baraza la Wauguzi la Kenya hutaka leseni ihuishwe, na muuguzi aonyeshe kwamba anaendelea kujifunza. Mama alikuwa akifunga duka usiku, akisoma masomo yake kwa simu mpaka macho yanauma. Duka lilikuwa pumziko la mwili, halikuwa ruhusa ya kusahau.

Tatu, asiiuze sare yake. Asiuze dawa asizoruhusiwa, na akirudi kazini asimwelekeze mgonjwa dukani kwake. Duka letu lipo hadi leo, lakini sasa yuwalisimamia mama mdogo, na mama akiulizwa wodini beseni zapatikana wapi, husema, "Maduka ni mengi, mjini mwetu hampotei."

Nne, na hili latuhusu sote: tulipe. Tusigeuze wema wa muuguzi kuwa kisima cha kuteka bure. Kukopa harusi, kulipa matanga, hayo tunayajua. Tuanze basi kuyatenda. Na usiku tukigonga mlango wa muuguzi aliye likizoni, iwe ni kwa dharura ya kweli, si kwa kupimwa presha kwa sababu tumeona taa inawaka.

Ama kuhusu mimi, siku ya mdahalo nilitangaza kwamba nataka kuwa muuguzi. Bado nataka. Tofauti ni kwamba siku ile nilitaka kuwa muuguzi asiyechoka, na mtu wa namna hiyo sasa najua hayuko. Naomba chama kiiandike kauli yangu ya leo kando ya ile ya muhula uliopita. Makofi mliyonipigia siwezi kuyarudisha, lakini maneno nayarudisha.

Na kwa wale walio katika kurasa za nyuma za daftari letu: mama hakunituma, wala hajui kwamba sehemu hii nimeiandika. Mama mdogo hufungua duka saa mbili asubuhi. Zimebaki shilingi 6,250.